Idengo aliimba upesi kuliko redio

Tarehe 13 mwezi wa pili, kila mwaka, ni Siku ya Redio Duniani. UNESCO ndiyo iliyoiweka kwenye kalenda. Mwaka 2025 siku hiyo iliangukia Alhamisi. Mjini Goma, ambao M23 walikuwa wameuchukua wiki mbili hivi kabla, mwanamuziki Delphin Katembo Vinywasiki, anayejulikana kwa jina la Idengo au Delcat Idengo, alipigwa risasi akafa wakati wa kutengeneza klipu ya wimbo. Serikali ya Kinshasa iliwashutumu waasi. Bukavu haikupata hata nafasi ya kumlilia. Kesho yake, Ijumaa, waasi waliingia katika mji, na kufikia Jumapili mji wote ulikuwa mikononi mwao. Maghala yalikuwa yanaporwa, gereza kuu limebaki tupu, na kila jamaa ilikuwa inatafuta watoto wake. Nani angekuwa na muda wa kuzungumza juu ya rapa wa Beni?

Lakini mazungumzo hayo yalichelewa tu. Siku hizi, vijana wakikaa Kadutu au Nyawera na jina la Idengo likitajwa, wengi wanasema maneno yale yale mawili: alikuwa jasiri, ila hakuwa msanii. Jasiri, kwa sababu alisema yale ambayo wengine wanayameza. Hakuwa msanii, kwa sababu nyimbo zake zilikuwa nyingi mno, za haraka mno, zimerekodiwa ovyo, leo wimbo, keshokutwa wimbo mwingine. Sehemu ya kwanza haina ubishi. Ya pili si kweli, na inafaa ipingwe sasa, kabla haijageuka kuwa ndiyo historia yake.

Idengo alitoka upande wa Beni, Kivu Kaskazini. Asiyejua Beni ya miaka ile hawezi kuelewa nyimbo zile. Tangu mwezi wa kumi mwaka 2014 raia wa mji huo na wa vijiji vyake wamekuwa wakiuawa kwa panga na risasi, mauaji ambayo mengi yanabebeshwa waasi wa ADF. Kulikuwa na jeshi, kulikuwa na MONUSCO, kulikuwa na wajumbe kutoka Kinshasa waliokuja, wakapiga picha, wakarudi. Mwezi wa nne mwaka 2021 wanafunzi wa shule walikwenda kulala mbele ya ofisi ya meya wa Beni wakidai Rais Félix Tshisekedi aje mwenyewe ajionee. Jibu lililokuja lilikuwa état de siège: kuanzia tarehe 6 mwezi wa tano 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya magavana wa kijeshi, wameya wakawa polisi, na mahakama za kijeshi zikapewa uwezo wa kuwahukumu raia.

Mwanzoni watu walipiga makofi. Hilo nalo lisisahauliwe. Wengi waliamini kwamba mwanajeshi akishika madaraka, mauaji yatakwisha. Miezi ikapita, mazishi yakaendelea. Ndipo nyimbo za Idengo na za wenzake zilipopata masikio, maana zilisema kwa sauti kile ambacho familia zilikuwa zinasema kwa kunong'ona zikitoka makaburini: kwamba hali haijabadilika, na kwamba asiyeridhika sasa anaogopa hata kulalamika.

Mwezi wa 11 mwaka huo huo, mahakama ya kijeshi ya Beni ilimhukumu Idengo miaka 10 ya gereza. Mwenzake Makasi alipewa miaka 2. Kosa lao lilikuwa nyimbo. Katika mwezi huo huo vijana wa LUCHA walikamatwa hapo hapo Beni kwa kuandamana dhidi ya état de siège, na mwezi wa nne 2022 wakahukumiwa miezi 12.

Sasa linganisha na yaliyotokea Kinshasa katika mwezi ule ule. Tarehe 9 mwezi wa 11 mwaka 2021, Tume ya Taifa ya kuchuja nyimbo na maonyesho ilipiga marufuku wimbo wa kundi la MPR, "Nini tosali te". (Vijana hao wana utani wao: MPR ni herufi za chama cha Mobutu, wao wameziweka maana ya muziki.) Wimbo ule nao ulikuwa unawasuta wakubwa kwa taabu za nchi. Kelele zikapigwa, mitandao ikawaka, na kesho yake tu marufuku ikaondolewa. MPR wakatoka na umaarufu mkubwa kuliko walioingia nao. Idengo aliingia gerezani. Nchi ni moja na bendera ni moja, lakini anayemsuta mkubwa kutoka Kinshasa ana mawakili, ana televisheni, ana mabalozi jirani. Anayemsuta kutoka Beni anakutana na mwanajeshi aliyevaa joho la hakimu. Wanaosema Idengo "alijitafutia" wajibu kwanza swali hili: kwa nini MPR hawakusemwa hivyo?

Baadaye alitoka. Akarudi kurekodi. Akakamatwa tena. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, Goma ilipoanguka na wafungwa wakavunja gereza la Munzenze, alikuwa mmoja wa waliokuwa ndani. Mtu mwingine, baada ya miaka ya kuingia na kutoka buloko, angevuka mpaka siku ile ile, au angekaa kimya chumbani mpaka moshi upite. Yeye, wiki mbili baadaye, alikuwa mbele ya kamera. Na walengwa wa wimbo safari hii hawakuwa serikali iliyomfunga. Kwa mujibu wa taarifa za siku ile, ulikuwa wimbo wa kuwapinga walioiteka Goma. Jambo hilo peke yake linatosha kuwanyamazisha waliokuwa wakidai kwamba alikuwa kibaraka wa huyu au wa yule. Kila aliyekuwa na bunduki na madaraka alipata wimbo wake.

Tuje kwenye uimbaji wenyewe.

Malalamiko ya kwanza ni wingi. Lakini katika nchi hii wingi umeanza lini kuwa aibu? Franco Luambo wa TPOK Jazz anahesabiwa nyimbo zaidi ya elfu moja, na hakuna Mkongomani anayemwambia kwamba alizidisha. Franco alikuwa akiona jambo katika mji, ugomvi wa ndoa, ulevi, mkubwa aliyejisahau, na baada ya muda mfupi jambo hilo limekuwa sahani ya santuri. Aliimba hata juu ya kampeni ya Mobutu mwaka 1984, na kabla ya hapo, mwaka 1978, Mobutu huyo huyo alikuwa amemtupa gerezani kwa nyimbo zilizoitwa za matusi. Wingi wake ulikuwa namna ya kazi: mwanamuziki kama mtu anayeandika kila kinachopita. Idengo alishika namna ile ile. Tofauti ni kwamba Franco alikuwa na bendi, studio na kampuni, na Idengo alikuwa na biti, kompyuta ya rafiki au ya mtaa, na simu.

Na alikuwa na haraka ambayo Franco hakuwa nayo. Wimbo juu ya mauaji ya wiki hii hauwezi kusubiri mwezi ujao. Mwezi ujao kutakuwa na mauaji mengine, na wimbo utakuwa umechacha kama habari za jana. Studio ndogo za Kivu zinajulikana: chumba kimoja, blanketi ukutani la kuzuia mwangwi, maikrofoni moja, na umeme unaoweza kukatika katikati ya beti. Fundi anataka kumaliza kabla giza halijaingia. Katika hali hiyo msanii ana njia mbili. Anaweza kukaa na wimbo mmoja mwaka mzima mpaka ung'ae, au anaweza kukubali ukwaruzo ili ufike mapema. Idengo alichagua. Sauti iliyokwaruza ilikuwa bei aliyoilipa akijua, sawa na ripota anayetuma habari kwa simu kutoka kijijini badala ya kusubiri kurudi studio. Hakuna anayemcheka ripota huyo kwamba sauti yake haikuwa safi.

La pili ni namna alivyotumia majina. Hapa ndipo alipofanya kitu ambacho kinafaa kufundishwa. Kila anayesikiliza muziki wa Kinshasa anajua mabanga: jina la tajiri, la jenerali, la mbunge linatupwa katikati ya wimbo, na mara nyingi jina hilo limelipiwa. Ukitajwa na nyota wa rumba, umeheshimika, na mfuko wako umepungua. Kwa miaka mingi sikio la Mkongomani limezoea kwamba mkubwa akitajwa katika wimbo, anasifiwa. Idengo aliichukua desturi hiyo akaigeuza kichwa chini. Kwake mkubwa alitajwa bila kulipa, na alitajwa ili aulizwe. Msikilizaji aliyezoea mabanga alishtuka, akacheka, akaogopa, kisha akarudisha wimbo nyuma ausikie tena. Nguvu ya nyimbo zile ilikuwa katika mshtuko huo zaidi ya ukali wa maneno. Majaji wa Beni walisikia matusi, lakini vijana walisikia desturi ya muziki wao inaulizwa maswali.

La tatu ni lugha. Swahili ya Idengo ni ya kwetu, ya Kivu, ile ambayo mwalimu wa shule anaipiga mstari mwekundu. Maneno ya Kifaransa yanaingia pale siasa inapoingia, kwa sababu serikali yenyewe inaongea na raia kwa Kifaransa: hukumu ni Kifaransa, tangazo la gavana ni Kifaransa, risiti ya kodi ni Kifaransa. Rapa akilichukua neno la tangazo, akalipachika katika sentensi ya Swahili ya sokoni, neno hilo linapoteza tai na koti lake. Redio zetu, kwa nia nzuri, husoma habari kwa Swahili iliyonyooshwa, na ni vema. Lakini kuna mama wa Beni, wa Kavumu, wa Uvira, ambaye Swahili hiyo inampita juu kidogo, kama ndege. Wimbo wa mtaani haumpiti.

Tena viitikio vyake vilikuwa vifupi, vya kuimbwa na umati. Wapenzi wa rap ya mistari mizito, wale wanaofuatilia vina vya ndani na mafumbo ya Dar es Salaam au Nairobi, wanamwona mwepesi. Wana haki ya ladha yao. Tamaduni Muzik ya Tanzania iliwapa watu mistari ya kufumbua kwa saa nzima, na Ukoo Flani Mau Mau wa Kenya waliweza kuwa wakali na wa mtaani bila kupunguza ufundi, mtu akasikilize tena ile albamu ya "Kilio cha Haki" ya mwaka 2004. Lakini wimbo unapimwa kwa kazi uliyotumwa. Fumbo linahitaji msikilizaji aliyetulia. Idengo aliwaimbia watu waliosimama, na wengine walikuwa wanakimbia. Kuna wakati rahisi ndiyo ngumu: kupata maneno manne ambayo mtoto wa miaka kumi atayashika mara moja na mkubwa wa jeshi hatayasahau.

Kuna dosari pia, na kumtetea mtu si kumfanya malaika. Anayetoa wimbo upesi namna ile hana muda wa kupima kila habari. Katika Kivu uvumi unatembea kwa miguu sita, na wimbo unaobeba uvumi unaupa ya saba. Msanii anapotaja jina, anayetajwa hana kiitikio cha kujibu. Na katika eneo ambalo watu wamechinjwa kwa sababu ya kabila lao au kwa kudhaniwa kuwa wa upande fulani, hasira ya wimbo inaweza kumwangukia jirani asiye na kosa badala ya mkubwa. Mwandishi wa habari akifanya hivyo, anaitwa na kuulizwa, na ni sawa aulizwe. Idengo naye alistahili kuulizwa. Alistahili kuketishwa mbele ya maikrofoni na mtangazaji mwenye daftari: wimbo wako wa wiki iliyopita unasema hivi, umeyajuaje? Huyu uliyemtaja, ulimtafuta? Kijana akishika panga baada ya kukusikia, utasema nini? Mahojiano ya namna hiyo yangemsaidia yeye, na yangewasaidia wasikilizaji wake. Badala yake maswali aliulizwa na mwendesha mashtaka wa kijeshi, na jibu lilikuwa limeandikwa tayari.

Nyimbo zile hazikuzoea kupita katika vipindi vya salamu na dedikasi, na sababu zinajulikana. Chini ya état de siège, mkurugenzi gani wa redio ya Kivu Kaskazini angepiga wimbo unaomlenga gavana wa kijeshi, kisha alale nyumbani kwake? Kwa upande wa Bukavu, ambako état de siège haikufika, sababu zilikuwa nyepesi zaidi. Kuna watangazaji waliosema sauti si safi. Kuna vipindi ambavyo wimbo haupiti mpaka msanii amtoe mtangazaji "maji". Na kuna mazoea tu: Diamond Platnumz, Fally Ipupa, na kwa fahari ya nyumbani Innoss'B, mtoto wa Goma, ambaye "Yope" yake na Diamond ya mwaka 2019 ilizunguka Afrika nzima. Innoss'B anastahili kila sifa anayopewa. Lakini Kivu iliyosikika redioni ilikuwa ile inayocheza. Ile inayozika ilibaki ndani ya simu.

Woga wa redio si wa kuchezewa. Bukavu ni mji uliomzika Serge Maheshe wa Radio Okapi mwezi wa sita 2007, Didace Namujimbo, wa Okapi pia, mwezi wa 11 mwaka 2008, na Bruno Koko Chirambiza wa Radio Star mwezi wa nane 2009. Watatu kwa miaka miwili na kidogo, wote kwa mkono wa wauaji wa usiku. Ni mji ambao Radio Maendeleo, redio iliyoanzishwa na mashirika ya kiraia mwaka 1993, ilifungwa na waasi wa RCD mwaka 1999 na kukaa kimya mpaka 2001. Wazee wa taaluma hii wanakumbuka kipindi kile: watu walikuwa wanawasha redio kwa mazoea, wanasikia mvumo mtupu, wanazima. Kwa hiyo mtangazaji wa Bukavu hahitaji kufundishwa gharama ya sauti. Anaijua kwa majina.

Lakini ndiyo maana ilitegemewa amwelewe Idengo kuliko mtu mwingine yeyote. Rapa yule alikuwa mwenzake. Alifanya nusu ya kazi ya redio, tena nusu yenye hatari, bila kadi ya uandishi, bila shirika la kumtetea, bila mtu wa kutoa tamko siku anapokamatwa. Mwandishi akikamatwa, vyama vya wanahabari vinapiga simu usiku huo huo. Rapa akikamatwa, kuna ndugu zake na marafiki wa mtaani. Mipaka hiyo kati ya "mwanahabari" na "mwanamuziki" inafaa kwenye kadi na kwenye semina. Kwa anayepiga risasi haina maana.

Bukavu tena haina udhuru wa kutojua thamani ya wimbo. Hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege, pamoja na shirika la Make Music Matter, imekuwa na studio ambamo wanawake walioteswa wanaandika na kurekodi nyimbo zao kama sehemu ya matibabu. Mama anaingia bila sauti, anatoka na wimbo wenye jina lake. Wageni wengi wameisifu kazi hiyo, na inastahili. Tofauti yake na kazi ya Idengo si kubwa kama inavyodhaniwa. Kule maumivu yanaimbwa ndani ya ukuta, na daktari yupo. Huku yaliimbwa nje, na aliyesababisha maumivu anasikiliza.

Kwa kuwa redio ilikaa pembeni, nyimbo zilipita njia nyingine. Zilipita WhatsApp, zikibanwa na kubanwa mpaka sauti inabaki kama ya mtu aliye ndani ya debe. Zilipita kwa Bluetooth, simu mbili zikiwekwa pamoja juu ya benchi. Zilipita kwenye vibanda vya kuchaji simu, ambapo kijana mwenye kompyuta anajaza nyimbo kwenye kadi ya memori kwa franka chache, hauliziwi jina la msanii wala mwaka. Motari anapakia, anasikiliza kwenye njia ya Kavumu, anampa abiria. Ni njia imara, haizimwi na gavana. Ila haina kumbukumbu. Wimbo unafika bila jina, au na jina la mwingine. Simu ikianguka ziwani, ikiibiwa Feu Rouge, ikiuzwa ili mtoto alipiwe shule, nyimbo arobaini zinaondoka nayo.

Na mwaka 2025 simu nyingi ziliondoka. Watu walizifuta nyimbo wenyewe, kwa mikono yao, kabla ya kufika kwenye vizuizi, kwa sababu askari anaweza kuomba simu na kuifungua. Video, picha, sauti, vyote. Hili limetokea Goma, limetokea Bukavu, na hakuna wa kumlaumu aliyefuta. Mtu anaokoa uhai wake kwanza. Lakini hesabu yake ni kwamba nyimbo za mtu aliyeandika habari za Beni kila wiki, kwa miaka, sasa zinapungua kila wiki. Chache zenye picha nzuri zitabaki YouTube. Zile zilizokwaruza, za chumba na blanketi, ambazo ndizo zilizokuwa nyingi na ndizo zilizosema jambo siku lilipotokea, hizo ndizo za kwanza kupotea.

Vijana wa rap wa Bukavu wanaona haya yote. Wengine wameondoka, wako Bujumbura, Kampala, Nairobi. Waliobaki wanatoa nyimbo za mapenzi na za sherehe, na asiwepo wa kuwacheka: kuimba mapenzi katika mji uliotekwa nako kuna ujasiri wake. Wengine bado wanaandika mistari ile mingine, kwenye daftari, kwa kalamu, kwa sababu daftari halina sauti. Hao ndio watakaoamua kama Idengo alikuwa msanii au hakuwa. Ili waamue vema, wanahitaji kumsikia wote, mwenye nguvu na mwenye makosa, si nyimbo tano zilizochaguliwa na waombolezaji.

Kwa hiyo kazi ipo, na haihitaji ruhusa ya mtu wala fedha ya mradi. Wakongomani walio nje, wenye intaneti isiyokatika na simu isiyopekuliwa, wanaweza kuanza nayo leo: kukusanya kila wimbo, hata uliobanwa na WhatsApp, hata uliokatika katikati, na kuandika pembeni yake mwezi, mwaka, na jambo lililokuwa limetokea wiki hiyo. Waliomfahamu Beni, Butembo na Goma wanaweza kuwapa tarehe kwa mdomo. Mafundi waliomrekodi huenda bado wana mafaili kwenye diski zao za zamani, katika yale makasha yaliyofungwa na kupelekwa kwa shangazi wakati wa vita. Wayatafute kabla ya masika, unyevu wa nyumba zetu unaua diski upesi kuliko risasi.